Kiraka cha jua ukutani: kuchora mwanga wa ndani kwa kumfuata Anna Ancher

Anayejaribu kuiga michoro ya majumbani ya wachoraji kama Anna Ancher mara nyingi huanza na mtu, akamaliza sura na nguo, kisha akamwagia jua juu yake. Ndiyo maana jua linaonekana limebandikwa. Anza na jua.

Mtazame Ancher mwenyewe, mzaliwa wa Skagen, kijiji cha wavuvi kaskazini kabisa mwa Denmark. Katika mchoro wake wa 1891 wa chumba cha buluu, binti yake Helga amekaa anafuma, ametupa mgongo. Macho yako hayakai kwake sana. Yanavutwa na viraka vya jua vilivyotua ukutani, na vivuli vya mbao za dirisha ndani yake.

Viraka hivyo vinafika mbali kwa sababu jua la huko liko chini. Skagen iko karibu digrii 58 kaskazini: adhuhuri ya mwishoni mwa Desemba jua linasimama digrii 9 tu juu ya upeo. Dirisha ambalo juu yake ni mita 2 kutoka sakafuni litapeleka mwanga zaidi ya mita 12 ndani, yaani ukuta wa nyuma utaupokea tu. Jua likiwa digrii 80, kama adhuhuri ya baadhi ya miezi pwani yetu, mwanga huohuo unaishia sentimita 35 hivi kutoka dirishani. Kwa hiyo ukifanyia mazoezi Dar au Mombasa, tafuta dirisha la mashariki saa moja na nusu asubuhi, au la magharibi saa kumi na moja jioni. Jua letu hupanda karibu wima, basi kiraka cha asubuhi kitashuka ukutani badala ya kwenda upande.

Na kitakukimbia. Ukuta ukiwa mita 3 kutoka dirishani, kiraka husogea zaidi ya sentimita 1 kila dakika. Chora mpaka wake wote kwa penseli ndani ya dakika tano za kwanza, usiuguse tena, hata kama ukutani kimeshahama. Kesho rudi saa ileile. Ukifuatafuata jua utapata kivuli cha saa tatu na mwanga wa saa mbili kwenye turubai moja, na mtazamaji atahisi kasoro bila kuijua.

Kingo za kivuli zina kanuni yake. Jua si nukta, lina upana wa nusu digrii hivi, kwa hiyo kila mita moja kutoka fremu kingo hufifia kwa takriban sentimita 1. Kivuli cha fremu kwenye kizingiti cha dirisha kichore kikali. Cha ukuta wa mbali kilainishe kwa brashi kavu. Wengi hupiga rula kote, na chumba kinakuwa bapa kama kadi.

Rangi ndiyo kazi. Kiraka juu ya ukuta wa buluu ukikichanganya kwa kutia manjano ndani ya buluu, kinageuka kijani kama ukuta wenye ukungu. Anza na nyeupe, tia manjano kidogo na nyekundu chembe, halafu buluu ya ukuta kidogo sana mwishoni. Kikiwa bado kijani, ongeza nyekundu. Kivuli nacho usikitie nyeusi ya kopo: buluu iliyokolea na kahawia vinatosha, maana kivuli cha ndani bado kinapokea mwanga wa anga.

Kwa usiku, nenda kwa Mnorwe Harriet Backer, mchoro wake wa 1890 wa mwanamke anayesoma kwa taa, kivuli chake kikubwa ukutani. Hapa kibatari kinatosha. Weka kibatari nusu mita kutoka kwenye kitabu. Kitu kilicho mita moja kutoka kwenye kibatari kitapata robo tu ya mwanga unaofika kitabuni. Usiking'arishe hata kama jicho lako, likishazoea giza, linakuambia kinaonekana vizuri. Wala usiamini picha ya simu: yenyewe hupandisha giza lote.