Kilkenny ni mji au jiji?

SWALI: Nimesoma habari mbili za utalii kuhusu Kilkenny, kusini-mashariki mwa Ayalandi. Moja imeandika "mji wa Kilkenny", nyingine "jiji la Kilkenny unavutia wageni", ilhali wakazi wake hawafiki hata elfu 30. Je, mahali padogo namna hiyo panaweza kuitwa jiji?

JIBU: Panaweza, mradi mwandishi ajue ni maana ipi ya neno jiji anayoikusudia.

Kinachotutia shaka ni umbo la neno lenyewe. Mzizi wa mji ni -ji, na kwa kuwa una silabi moja, ukubwa wake huundwa kwa kuutangulizia ji-, kama mtu anavyokuwa jitu. Udogo nao huongeza ki- mbele ya ji- hiyo, tukapata kijiji kama tupatavyo kijito kutokana na mto. Ndiyo maana sikio la Mswahili husikia ukubwa katika neno jiji kabla hata ya kuuliza idadi ya watu. Hata hivyo, matumizi ya kiserikali yameliongezea neno hili maana ya pili, yaani hadhi inayotolewa na dola. Nakuru haukupanuka ghafla tarehe 1 Desemba 2021. Kilichobadilika siku hiyo ni kwamba ulikabidhiwa hati ya jiji.

Huko Kilkenny hadhi na ukubwa vimeachana kabisa. Mwaka 1609 Mfalme James wa Kwanza, ambaye aliitawala Ayalandi pamoja na Uingereza, aliupa hati ya kuwa jiji, na wenyeji hawajaiachia heshima hiyo tangu hapo. Sheria ya Serikali za Mitaa ya Ayalandi ya mwaka 2001 haikuupa halmashauri ya jiji kama zilivyokuwa nazo Dublin, Cork na Galway, bali iliuweka miongoni mwa manispaa. Lakini sheria hiyo hiyo ikatamka kwamba neno jiji linaweza kuendelea kutumika kwa Kilkenny kama lilivyokuwa likitumika awali. Mwaka 2014 hata hiyo halmashauri ya manispaa ikafutwa, na jina likabaki. Wakati huo huo Drogheda na Dundalk, ambayo kila mmoja una watu zaidi ya 40,000, ni miji tu. Wapo wanaodhani kwamba kanisa kuu ndilo linalofanya mji uwe jiji, na kweli Kilkenny unalo la Mtakatifu Canice; lakini Sligo na Letterkenny nayo ina makanisa makuu, na hadhi hiyo haina.

Kwa hiyo, anayeeleza historia au hadhi ya Kilkenny aandike jiji bila kusita, na anayeeleza mandhari yake au wingi wa watu aandike mji. Msomaji asiyeijua habari hii atasaidiwa zaidi na "mji wenye hadhi ya jiji". Sioni kosa hata katika "jiji dogo", kwa kuwa ji- ya neno hili imekwisha kuganda, na anayelitamka leo hakusudii kukuza kitu.

Kosa lililo wazi katika habari ya pili ni la upatanisho: jiji linavutia, mji unavutia. Mwandishi wake alianza na jiji akamalizia na mji.