Mgeni wa Lamu

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza: daktari ameleta fomu, mumeo hataki kulazwa, na wewe ndiye wa kutia saini. Utie? Nina swali lako tangu alfajiri, na kila nikianza kukujibu namwona mjomba wako na halua yake.

Ya paa unaijua. Makuti aliyoyang'oa saa nane usiku ili mwezi uingie ndani, siku hizi twayacheka. Ya halua sikuwahi kukusimulia. Asubuhi ile, usiku wa tano hajalala, nilimwambia, "Twende tukampokee mgeni kutoka Lamu." Akaoga, akavaa kanzu nyeupe, akajipaka uturi. Njiani akasimamisha teksi, akanunua nusu kilo ya halua kwa pesa zake, maana mgeni hapokewi mikono mitupu.

Mlangoni pa hospitali wanaume wanne wakamkamata. Hakupigana. Halua ilianguka ikagandia sakafuni, naye akanitazama: "Mgeni yuko wapi, dada?" Mimi nikainama kuokota halua.

Saini yangu ilikuwa halali. Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya, ya 1989, ilimruhusu ndugu kuomba mgonjwa alazwe bila hiari yake, hadi miezi 6. Wakamdunga haloperidoli, dawa ya kutuliza wagonjwa wa akili, jioni shingo ikampinda hata akawa anatazama bega lake, akadhani anakufa. Dawa ile huweza kufanya hivyo, na ipo dawa ya kuikunjua shingo. Nani alimwambia? Tangu sheria irekebishwe 2022, ridhaa ya mgonjwa mwenyewe ndiyo hutafutwa kwanza. Muulize huyo daktari kama ameitafuta, au amekujia wewe kwa sababu wewe hupigi kelele.

Wanijua ninavyosema: mgonjwa huambiwa. Awe anaelewa, awe haelewi, huambiwa.

Utanijibu kwamba ningemwambia asingekwenda. Kweli, asingekwenda. Na lile paa lingemuua, hilo nalo kweli. Dawa zilimrudisha kwenye randa na msumeno wake, na wewe kitanda ulichoolewa nacho ni kazi ya mikono yake. Basi kosa langu liko wapi? Nguvu labda haikuwa na budi. Lakini ile kanzu, mwanangu! Alipiga pasi mwenyewe. Ningeweza kumwambia, "Nakupeleka hospitali, utanichukia, na kesho nitakuja." Wale wanne wangemshika vilevile, ila angeshikwa akijua anakokwenda.

Kuhusu saini, nina langu moyoni na ulimi unaniwasha. Nalimeza. Wewe ndiye unayelala naye chumba kimoja, wewe ndiye unayezijua usiku zake.

Mjomba wako ile sindano alishanisamehe, kwa kinywa chake, siku ya arusi yako. Ila juzi nimemwambia anisindikize sokoni mara moja. Akachukua kofia, akafika mlangoni, akasimama.

"Sokoni kweli, dada?"

Mamako