Muulize Mama wa Viungo: Siku chache Kochi, uende wapi?

SWALI: Shikamoo Mama. Januari nampeleka mama yangu mzazi Kochi, India, kwa matibabu ya moyo. Tutakaa huko wiki kadhaa. Dada yangu atakuwepo, kwa hiyo nitapata nafasi ya kutoka. Nasikia huko ndiko lilipo soko la viungo la tangu enzi. Niende wapi, ninunue nini, na hayo maji wanayoyasifu nitayaonaje bila kugusa pesa za dawa?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Mungu ampe mama afya, na wewe nguvu za kumuuguza.

Hospitali kubwa nyingi ziko upande wa bara, Ernakulam na vitongoji vyake. Soko liko Mattancherry, ng'ambo ya maji. Usiende kwa teksi: utakwama kwenye foleni za madaraja na utafika bila kuuona mji. Panda boti. Zipo zile kongwe za serikali ya jimbo la Kerala zinazoondoka gati la Ernakulam, na tangu Aprili 2023 zipo za Water Metro, zinazotembea kwa umeme. Panda gati la High Court ushukie Fort Kochi. Nauli ni rupia makumi tu.

Kaa dirishani, kwa sababu maji hayo ndiyo yaliyouzaa mji. Bandari ya kale, Muziris, ilikuwa kaskazini kidogo. Mwaka 1341 mto Periyar ulifurika, bandari ile ikajaa mchanga, na mlango wa bahari ukapanuka hapa Kochi. Biashara ikayafuata maji. Hata kisiwa cha Willingdon, kilicho humo majini, kimetokana na tope lililochimbwa wakati bandari inaongezwa kina, miaka ya 1920 na 1930.

Ukishuka utaziona nyavu za Kichina, zile kubwa za miti zinazoinuliwa kwa kamba na mawe mazito. Zitazame, kisha panda bajaji hadi Mattancherry. Mtaa wa Jew Town una sinagogi la mwaka 1568, lenye vigae vya sakafu vilivyochorwa kwa mkono China. Ijumaa na Jumamosi usihesabu kuingia. Maduka yanayolizunguka yamepanga unga wa rangi zote kwa ajili ya wageni. Piga picha ukipenda, lakini usinunue. Na atakayekuuzia zafarani ya bei rahisi mpite: zafarani ya India inatoka Kashmir, mbali kabisa na huku, na ya kweli haijawahi kuwa rahisi popote.

Soko ninalolipenda mimi ni la barabara ya Bazaar. Nenda asubuhi, siku ya kazi. Ni maghala marefu ya vigae, uso barabarani na mgongo majini, maana zamani mzigo ulishushwa mlango wa nyuma kutoka mashuani. Utanusa tangawizi kavu kabla hujaiona. Katika nyua za baadhi ya maghala huanikwa juani, nyeupe kwa chokaa waliyoitia, na akina mama huichagua na kuichekecha kwa mkono. Omba ruhusa kwanza, kwa sababu wako kazini. Baadhi ya wenye maduka ni Wagujarati na Wakachi, watu wa asili moja na wale ambao marehemu baba yangu alifanya nao biashara Marikiti, Mombasa. Ukiwasalimu kwa adabu na kusema unatoka Tanga, mazungumzo yatakuja yenyewe.

Sasa ununuzi. Karafuu acha, Unguja na Pemba zinatutosha. Chukua iliki, inayotoka milima ya Idukki. Taka punje kubwa za kijani zilizofumba vizuri, kisha pasua moja mbele ya muuzaji: mbegu ziwe nyeusi na zinatenate vidoleni. Zikiwa kahawia na kavu, harufu imeshakwenda. Pilipili manga ya Malabar, yaani ya pwani hiyo hiyo, mavuno yake huanza Desemba, kwa hiyo Januari utakuta mpya. Punje iwe nzito. Ukiwa na shaka tia chache kwenye glasi ya maji: nzima huzama, na mbegu za papai, ambazo matapeli huchanganya, huelea. Basibasi pia ni nzuri huko, na manjano mazima ya Alleppey, jina la zamani la mji wa Alappuzha, yana rangi nzito ajabu. Viungo vya unga usinunue hata kidogo, mwanangu. Nunua vizima usage Tanga, hapo utajua unachokula.

Kuhusu maji ya ndani, yaani maziwa na mifereji iliyo nyuma ya pwani, watakushawishi ukodi boti ya kulala Alappuzha, yapata kilomita 50 kusini. Ni ghali, na boti hizo zimezidi katika ziwa la huko. Nenda Alappuzha kwa treni au basi, kisha panda boti ya abiria ya serikali kwenda Kottayam, safari ya kama saa mbili na nusu. Utakaa na watoto wa shule na akina mama wenye vikapu. Utapita Kuttanad, ambako mashamba ya mpunga yako chini ya usawa wa bahari na maji husukumwa nje kwa pampu. Ukiona kettuvallam, mashua za zamani za kubebea mpunga, tazama mbao zake: zimeshonwa kwa kamba za makumbi bila misumari, kama mtepe wetu wa Lamu. Mimi huwa sichoki kuziangalia.

Siku hiyo mwachie dada namba ya simu inayofanya kazi huko, na urudi kabla ya giza.

SWALI: Mama, ndugu yangu yuko Kerala. Nataka aniletee miche ya pilipili manga ya aina ya Panniyur, aifiche kwenye begi. Itafika hai?
Mkulima, Muheza

JIBU: Mzuie leo hii. Mashamba ya Kerala yanasumbuliwa na ugonjwa wa kuoza shina na mizizi unaoua mti mzima, na unasafiri na udongo na miche. Ukiuingiza Muheza hutaumia peke yako, utaumiza majirani wote. Miche huingia nchini kwa kibali na cheti cha afya ya mimea tu. Mtafute jirani mwenye mti unaozaa sana na usio na ugonjwa, umwombe vipande vyenye vifundo vitatu au vinne, uvioteshe kivulini mvua za masika zikianza.