Seva moja kubwa au kompyuta tatu? Jibu langu kutoka Goma

Kaka, umeuliza kama mnunue seva moja yenye nguvu au kompyuta tatu za kawaida kwa mfumo wenu wa tiketi. Nunueni tatu. Hapa Goma ninatunza huduma ya tiketi za boti za Bukavu juu ya kompyuta tatu kama hizo. Moja ikizimika, abiria hajui.

Ila kwanza tengeni data. Ratiba na bei zikichelewa dakika chache hakuna anayeumia: ziwekeni kwenye kache, yaani hifadhi ya muda, ya kila kompyuta, ikifa zipotee, ikiwaka itazijaza upya. Kiti ni habari nyingine. Kiti namba 14 hakiuzwi mara mbili, hata kama mteja atasubiri. Watafiti Armando Fox, Eric Brewer na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walilieleza hili mwaka 1997: huduma kubwa hujengwa kwa mashine za kawaida, na si kila data inahitaji ulinzi mkali uleule. Ukivilinda vyote kama kiti, mfumo unakuwa mzito bure.

Kwa viti ninatumia Raft, utaratibu wa kompyuta kadhaa kukubaliana kwa kura juu ya kumbukumbu moja. Mauzo yanakubalika baada ya zaidi ya nusu ya kompyuta kuyaandika. Kwenye tatu, ni mbili. Mkiwa na mbili tu, waya kati yao ukikatika, ama kila moja itauza kivyake, ama mauzo yatasimama. Nne hazisaidii, nazo zinavumilia kufa kwa moja tu. Mkitaka zaidi, rukeni hadi tano.

Sasa umeme, na hapa ninasisitiza sana. Kompyuta tatu kwenye inveta moja na swichi moja zitazimika pamoja. Kila moja iwe na betri yake. Tena, volkano ya Nyiragongo iliyo karibu na Goma ilipolipuka 22 Mei 2021, siku chache baadaye sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuhama. Kwa hiyo nakala ya mauzo inakwenda Bukavu kila wakati. Kompyuta ya huko haipigi kura kwenye Raft, mtu ndiye anayeamua kuiwasha iuze, baada ya kuhakikisha kwamba za Goma zimezimwa.

Umeme ukirudi, simu zote hujaribu tena kwa pamoja na kuiangusha huduma iliyoamka sasa hivi. Programu ya simu isubiri muda wa kubahatisha, na ikikataliwa iurefushe maradufu. Seva nayo ikilemewa ikatae mapema, isipange foleni isiyokwisha.

Kabla ya kufungua mauzo, chomoeni waya wa kompyuta moja huku wenzako wakinunua tiketi za majaribio, kisha hesabuni viti.