Kokteli za harusi Tanga: badilisha kitu kimoja tu

Mkuu, umeuliza kokteli za harusi ya mdogo wako hapa Tanga zipateje ladha ya kwetu bila kuharibika. Nimesimama kaunta miaka tisa, minne kati ya hiyo Raskazone, na mengi nimejifunza kwa kuyaharibu mwenyewe.

Nilianza na ukwaju. Margarita ni mililita 50 za tekila, 20 za Cointreau, ile pombe tamu ya machungwa, na 15 za ndimu. Mimi nikaondoa ndimu yote, nikatia ukwaju kipimo kilekile. Mteja akaonja, akaniangalia: "Kaka, bajia zake ziko wapi?" Nilicheka, ila alikuwa na haki yake. Ukwaju ni mchachu, lakini mzito, hauchomi ulimi haraka kama ndimu. Sasa ndimu naiacha palepale, naongeza kijiko kimoja cha ukwaju uliochujwa mara mbili, na mdomo wa glasi naupaka chumvi yenye pilipili ya unga. Hiyo wateja huiagiza tena.

Tangu hapo nagusa kitu kimoja tu. Daiquiri ya Kuba ni ramu, ndimu na sukari, basi. Toa sukari, weka shira ya iliki, ile ya kaimati ila nyepesi, maji na sukari sawa kwa sawa. Ukiongeza na embe, na tangawizi, na mdalasini, hujatengeneza daiquiri, umepika uji.

Machungwa ya Muheza yasikudanganye kwa ukijani wa ganda. Yameiva, ni joto la usiku wetu tu halilipi ganda nafasi ya kugeuka rangi. Ila ni matamu! Screwdriver ya vodka 50 kwa juisi 100 inageuka kinywaji cha watoto, kwa hiyo kamulia nusu ndimu. Ukitumia Konyagi badala ya vodka, kumbuka ina kilevi asilimia 35 wakati vodka nyingi zina 40, tena ina harufu yake. Mimi naipenda zaidi na asali na ndimu, yaani kokteli iitwayo dawa.

Mojito, ile ya ramu, ndimu na nanaa: nanaa ibonyeze tu, usiitwange kama kisamvu, itatoa uchungu.

Madafu ndiyo kila mtu anakosea. Wanayamimina mahali pa soda, kinywaji kinapooza. Yagandishe. Vibarafu vya madafu vikiyeyuka kwenye glasi, na joto hili la Tanga, mgeni anapata ladha badala ya maji matupu.

La mwisho: wageni wako wengi hawatagusa pombe. Wape ukwaju, ndimu na ile shira ya iliki kwenye glasi nzuri zilezile za wengine, lakini meza yao iwe mbali, na shekeri yao, yaani chombo cha kutikisia, vikombe vya kupimia na ndoo ya barafu viwe vyao peke yao tangu asubuhi. Shekeri iliyoshika ramu usiisuuze ukawapelekea.