Dawa ya moyo kutoka kwenye mmea ipo, ila usichemshe majani

Ulouliza kama kweli kuna kitu cha kwenye mmea kinachotibu moyo, jibu ni ndiyo na wala si habari mpya. Dawa yenyewe inaitwa digoksini, inatoka kwenye mmea wa maua uitwao dijitalisi, na daktari Mwingereza William Withering aliandika kuhusu majani ya jamii hiyo tangu 1785. Digoksini inazuia ile pampu ya kwenye seli za moyo inayotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu (zote ni madini ya mwilini), kalsiamu inaongezeka ndani ya seli, basi moyo unasukuma kwa nguvu zaidi. Utafiti mkubwa uliotoka 1997 ulionyesha inapunguza watu kulazwa kwa moyo kushindwa kazi lakini vifo havikupungua, ndo maana siku hizi sio dawa ya kwanza.

Ila hapa naomba sana unisikilize, kipimo kinachotibu na kinachodhuru viko karibu mno, ikizidi kidogo tu unapata kichefuchefu, unaanza kuona vitu vya njano njano, mapigo yanavurugika na mtu anaweza kufa kabisa, na potasiamu ikishuka mwilini ndo hatari zaidi. Majani ya kuchemsha huwezi kujua yana kiasi gani, kwa hiyo ni vidonge alivyoandika daktari tu na damu ipimwe.