Mafundi wapya, kitenge kina kichwa na miguu

Jana mchana nimerudi kutoka kuswali nikakuta kijana wangu, ana miezi minne tu hapa, ameshakata kitenge cha mteja. Tausi wakubwa, kijani na dhahabu. Mbele tausi wamesimama vizuri. Mkono wa kushoto tausi kasimama, mkono wa kulia kaning'inia kichwa chini kama popo. Nikamuuliza, "Hukuona?" Akajibu, "Niliona, fundi, ila nilidhani ndiyo urembo wake."

Nilikaa kwenye benchi nikaomba maji.

Nimekaa kwenye cherehani miaka 19 na makosa ni yaleyale, yanaambukizana kama surua. Sasa naandika, msomaji wangu wa kwanza akiwa huyo mwenye tausi.

1. Kitenge usikichague kikiwa kimekunjwa rafuni. Mwambie muuzaji akining'inize, rudi nyuma hatua tano, halafu mwambie akigeuze juu chini. Kama hujaona tofauti, kata utakavyo. Kama umeona, kitenge hicho kina kichwa na miguu, na hesabu yako ya yadi imeshabadilika. Muuzaji atanuna. Mwache anune.

Mimi sikugeuza. Nilikuwa mwaka wangu wa tatu kazini, kamati ya harusi ikanituma nikachague mwenyewe sare za mashangazi wanane. Kuaminiwa kule kulinipanda kichwani. Nikaenda Kariakoo, nikakiona: buluu iliyokolea, mbayuwayu weupe na wa manjano wanaruka kuelekea juu, kila mmoja kama kiganja. Nikapiga hesabu yangu ya siku zote, yadi 6 zitoe magauni mawili, mashangazi wanane, vipande vinne. Nikalipa, nikanunua na soda ya kujipongeza.

Mshono waliotaka ulibana kiunoni ukatanuka chini. Mnajua wenyewe paneli ya namna hiyo: nyembamba juu, pana chini, na yadi tatu hazitoshi mpaka uzilaze mzungu wa nne, kichwa cha hii kwenye miguu ya ile. Nilishafanya hivyo mara nyingi kwa vitenge vya duara, havina kinyongo vile. Nikafanya tena. Saa tano usiku, mkasi umetoka kunolewa, redio inaimba, nikakata yote manane kwa mkupuo.

Niligundua siku ya tatu, napiga pasi gauni la sita. Nililigeuza nipate mgongo. Mbele ndege wanapaa. Nyuma wanaanguka, wote, mdomo chini, kama waliopigwa manati. Nikakimbilia la kwanza, la pili, la tatu. Hakuna lililopona.

La mkasi lingesameheka. Lisilosameheka ni kwamba nilinyamaza. Zilibaki siku nne. Nilirudi dukani, kitenge kilikuwa bado kipo, nikashika vipande viwili, nikapiga hesabu ya mfukoni, nikavirudisha rafuni. Nikajiambia mashangazi hawajioni mgongoni, na ukumbini taa zitakuwa za rangirangi.

Na nilialikwa. Nikakaa meza ya mwisho, karibu na wapakua chakula. Mashangazi wakaingia wakicheza, hatua mbili mbele moja nyuma, na mpiga video akachagua kuwafuata kwa nyuma. Ukumbi ulikuwa na skrini kubwa. Migongo minane. Bibi mmoja meza ya jirani akashusha miwani, akauliza kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, "Mbona hawa wa nyuma wamekufa?" Meza nzima ikaangua kicheko. Nami nikacheka, Mungu anisamehe.

Jumatatu mama wa bibi arusi alikuja. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Alitandaza gauni moja mezani, akalipapasa mgongoni, akasema, "Mwanangu, ungeniambia tu, ningewavalisha mitandio." Mtandio! Kitambaa chepesi cha manjano begani, na mbayuwayu wote wangezikwa kwa heshima. Nilirudisha hela ya ufundi yote, na kutoka nyumba ile sijapata tena hata oda ya foronya.

Kwa hiyo kitenge cha kichwa na miguu: ongeza yadi, mwambie mteja kabla hajalipa, na chora mshale wa chaki kwenye kila paterni kabla mkasi haujatoka kwenye droo.

2. Rangi ya pleni, kile kitambaa cha rangi moja unachounganisha na kitenge. Kila anayeanza huchukua rangi iliyojaa zaidi kwenye kitenge, nguo ikatoka kama sare ya shule yenye maua. Tafuta rangi iliyo kidogo kabisa, ile ya kwenye mshipa wa jani au jicho la ndege, hiyo ndiyo uifanyie kola na mkono. Toka na vitambaa vyote viwili nje, juani, maana taa ya duka hufanya zambarau iwe buluu. Ukiwa na wasiwasi vipige picha kwa simu, uondoe rangi; vikitoka kijivu kimoja, kwa mbali vitamezana.

Na kama pleni yako ni nyeupe, sugua kitenge kwa kitambaa cheupe kilicholowa kabla ya kuviunganisha. Nyekundu ikichuja kwenye kola nyeupe hakuna sabuni itakayokuokoa, usinipigie.

3. Maduara makubwa. Sitaki kulieleza sana hili, kuna watoto wanaosoma. Kabla ya kukata mbele, mwekee mteja kitenge mwilini mbele ya kioo uone duara linaangukia wapi. Nina mteja, mwalimu mkuu, alirudisha blauzi siku hiyohiyo. "Fundi, wanafunzi wameshindwa kunitazama usoni." Mtu mwembamba na mfupi mpe michoro midogo, mwili mkubwa unabeba mikubwa, lakini na hapo usimwambie mteja sababu yako. Mwambie kimemkubali.

4. Kanga. Pindo, mji na jina, vyote vitatu vina kauli. Usiponyoosha pindo likae sawa pande zote mbili za sketi, mtu ataonekana anachechemea akiwa amesimama. Na jina lisome kabla hujakata! Nimewahi kupokea dera lililoshonwa kwa fundi mwingine, kanga ya "Japo sipati tamaa sikati". Mshono ulikuwa umemeza neno la kwanza na la mwisho, kifuani kwa mama mtu mzima pamebaki "sipati tamaa". Mumewe ndiye aliyelileta kurekebishwa, na hakutaka risiti.

Nirudi kwa tausi wangu. Kitenge kimeisha, kingine cha aina ile hakipo sokoni, nimeshampigia mteja simu na kumweleza kabla sijashika sindano. Mikono yote miwili inatoka, tunaweka ya pleni ya dhahabu, ile dhahabu ndogo ya kwenye kishungi. Vitambaa vya ile mikono tunaviunga viwe kilemba, maana kilemba kikishafungwa hakuna anayejua tausi ameelekea wapi. Nusu ya pleni atailipa kijana. Nusu nitalipa mimi, kwa ajili ya mashangazi.

Ninavyoandika hivi yuko Kariakoo anaitafuta. Nimemwambia atoke nayo nje, juani, kabla hajatoa hela.